Siku Kataki Iliponyamaza

Casimir alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Mpala kwa boti ya mota, wakakaa matanga hadi mwisho, kisha wakaanza kuzungumzia vitu. Falone alijua jambo hilo litakuja. Alikuwa ameishi na mume wake miaka minne bila kupata mtoto, na mjane asiye na mtoto hana mengi ya kusema mbele ya shemeji zake. Walichukua kitanda kikubwa, televisheni na baiskeli. Hakubisha. Kilichomshangaza kilitokea asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshapangwa ndani ya boti: mama mkwe wake alikataa kupanda.

Mama Adolphine alikuwa amekuja Kalemie kumuuguza mwanawe, na kila mtu alidhani kwamba sasa atarudi kijijini na wale waliobaki. Alisimama pale mchangani, kifurushi cha nguo kwapani, akawaambia wanawe waende salama. Walipomuuliza atakaa kwa nani hapa mjini, alijibu kwamba atakaa kwa mtoto wake. Walidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Mkubwa wao akamkumbusha taratibu kwamba Casimir hayupo tena. Mama Adolphine akasema hilo analijua vizuri kuliko wao, kisha akageuka, akaanza kupanda kilima kurudi mtaani kwao, Kataki, na Falone akamfuata nyuma.

Tangu siku hiyo waliishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Mama Adolphine aliuza ndakala sokoni, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Falone alifanya kazi katika kampuni ndogo ya intaneti karibu na bandari. Alipanda juu ya mapaa na minara, akaelekeza antena, akavuta nyaya, akaunganisha maduka, mashirika na biro, yaani ofisi, za serikali. Juu ya paa hakuna aliyemzidi. Lakini tatizo likitokea ndani ya mashine zenyewe, zile zinazoamua habari ipite njia gani, kampuni ilimngojea injinia wa Lubumbashi, na injinia naye alingojea ndege.

Safari moja mtandao ulikatika upande wa Katanika, kwenye zahanati iliyokuwa inahudumia watu waliokimbia vita. Falone alikwenda huko kwa pikipiki. Antena ilikuwa nzima, nyaya nzima, taa za mashine zinawaka. Alikaa mbele yake kutwa. Alihisi jibu liko karibu kabisa, kama jina la mtu unayemfahamu linalokataa kuja ulimini. Muuguzi wa pale, aliyekuwa anataka kuomba damu kwa ajili ya mama aliyekuwa anajifungua, alimuuliza kwa upole kama bado kidogo. Falone alilazimika kumwambia kwamba hajui. Mwishowe walimtuma mtu mjini kwa pikipiki, na damu ikafika, na yule mama akapona. Hata hivyo Falone hakuisahau sauti ya yule muuguzi.

Kesho yake alimwambia mkubwa wake wa kazi, Papa Germain, kwamba anataka kufanya ule mtihani wa mitandao ya kompyuta. Papa Germain alivua miwani. Ulikuwa mtihani wa kimataifa, mrefu na mgumu, wote kwa Kiingereza. Yeye mwenyewe aliwahi kuufanya mara mbili huko Lubumbashi na mara zote mbili ulimshinda. Alisema hivyo bila kuona haya. Akamuuliza Kiingereza chake kikoje. Falone akasema ni kile cha shuleni. Papa Germain akafikiri kidogo, akaahidi kwamba kampuni itamlipia, halafu akatoa kabatini kitabu kinene kilichochakaa jalada, akampa.

Basi akaanza. Alisoma alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni baada ya kula, kwenye meza pekee waliyokuwa nayo. Upande mmoja alikuwa yeye na kitabu. Upande wa pili Mama Adolphine akichambua ndakala, akitoa mawe na samaki waliovunjika. Wakati mwingine wote wawili walinyamaza kwa pamoja, kwa sababu imefika saa ambayo Casimir alizoea kurudi nyumbani. Kisha mmoja wao alivuta kiti au kukohoa, na kazi ikaendelea.

Kiingereza ndicho kilichomchosha zaidi. Alikata maboksi ya biskuti akapata vikaratasi vigumu, akaandika upande mmoja swali kwa Kiingereza na upande wa pili jibu. Siku moja Mama Adolphine alikiokota kimoja kilichoanguka, akakisogeza mbali na macho, akakisoma. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi mwaka wa nne, na hakuwa na sababu ya kudhani kwamba herufi zinasomwa tofauti na zilivyoandikwa. Neno la Kiingereza linalomaanisha mlango, ule ambao habari hutokea mtandao mmoja kwenda mwingine, yeye alilisoma "ga-te-wa-yi", silabi baada ya silabi, kwa heshima yote, kama anasoma waraka kanisani.

Falone alicheka. Alicheka hadi akalaza kichwa mezani, na Mama Adolphine, ambaye hakujua amefanya nini, akaanza kucheka naye. Haikuwa imetokea hata mara moja tangu msiba.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi yao ya kila jioni. Mama Adolphine alinawa mikono, akavaa miwani aliyonunua sokoni, akasoma vikaratasi kimoja kimoja kwa Kiingereza chake. Falone alilazimika kwanza kubahatisha ni neno gani, kisha kutoa jibu. Kama amejibu sawa, kikaratasi kinakwenda kulia. Kama amekosea, mama mkwe alikirudisha chini ya vingine bila kusema kitu. Ajabu ni kwamba maneno yale yalimkaa kichwani Falone kuliko alipoyasoma mwenyewe. Akiwa juu ya paa la mtu, koleo mkononi, aliisikia ile sauti ikimuuliza.

Kalemie hakukuwa na mahali pa kufanyia mtihani wa namna hiyo. Ulifanyika nyumbani, kupitia intaneti, na msimamizi aliyekuwa nchi ya mbali akikuangalia kwa kamera ya kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho. Masharti yalikuwa makali. Uwe peke yako chumbani. Mlango ufungwe. Usitoke, usiongee, na mtu yeyote asiingie. Akiingia mtu, mtihani unafutwa papo hapo.

Falone aliyasoma masharti hayo mara nyingi, na kila mara alifika kwenye mlango akasimama. Mlango wao haukuwa na kufuli. Na angemwambiaje Mama Adolphine asiingie katika chumba cha nyumba yake, mama aliyekataa kupanda boti ya wanawe kwa ajili yake? Alitafuta maneno, akayakosa. Aliona hayana haja, maana asubuhi mama huwa sokoni hadi mchana. Alimwambia tu kwamba mtihani utakuwa siku fulani, na Mama Adolphine akamuombea.

Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha. Maji yalijaa sokoni, wauzaji wakafunika mali zao wakatawanyika. Mama Adolphine alifika nyumbani amelowana kanga na mwili, akauona mlango umefungwa, akakumbuka kwamba mtoto huyu hakula chochote tangu kuamka. Alijua mtihani unafanyika humo ndani. Ndiyo maana hakubisha hodi, asije akampotezea mawazo. Aliwasha makaa kibarazani, akapika uji wa mahindi na karanga, akaumimina kwenye bakuli. Kisha akausukuma mlango kwa kiwiko.

Falone alikuwa amepita nusu ya maswali. Alisikia mlango, akageuka, akamuona mama mkwe wake amesimama na bakuli linalotoa moshi, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Kula kidogo, mutoto wangu," alisema kwa kunong'ona. "Hutaweza na tumbo tupu."

Falone alipogeukia kompyuta tena, maswali yalikuwa yameondoka. Mahali pake palikuwa na sentensi moja fupi ya Kiingereza, na hiyo aliielewa bila shida.

Halafu akanyoosha mikono, akalipokea bakuli, akamshukuru. Mama Adolphine alikaa pembezoni mwa kitanda kumwangalia akila. Alimuuliza kama bado kuna kazi. Falone akajibu kwamba hapana, imekwisha. Alikula uji wote, akakwangua bakuli kwa kijiko, kisha akamtafutia mama nguo kavu.

Baada ya siku chache alimwambia kwamba hakufaulu. Mama Adolphine alimshika mkono akasema atarudilia, watu wengi hurudilia, hata Papa Germain alirudilia. Ukweli wenyewe Falone alimwambia Papa Germain tu, bironi, akiwa amesimama karibu na dirisha ili asionekane uso. Papa Germain hakumlaumu. Aliwaandikia wenye mtihani kueleza jinsi ilivyokuwa, akapeleka na picha ya ile nyumba na ule mlango usio na kufuli. Walichukua muda mrefu kujibu. Mwishowe walisema kwamba wameona hakukuwa na udanganyifu, na kwamba watampa nafasi nyingine, hiyo moja tu.

Jumapili moja Papa Germain alikuja nyumbani kuwafungia betri ya kampuni, ili umeme ukikatika siku ya mtihani kompyuta isizimike. Falone alikuwa bado kanisani. Papa Germain, akidhani mambo yote yanajulikana, aliuangalia mlango akasema kwa utani kwamba safari hii wataweka kizuizi, uji usipate njia. Mama Adolphine alimuuliza uji gani. Alipoona uso wake, Papa Germain alijua amekosea, lakini hakuwa mtu wa kudanganya mama mzima. Akamweleza.

Kuanzia jioni hiyo nyumba ilibadilika. Mama Adolphine alikula kibarazani, akisema ndani kuna joto. Vikaratasi havikusomwa, macho yanamsumbua, alisema. Falone alipoketi kusoma, yeye alitoka nje, hata kama hana la kufanya huko. Falone alifikiri anaumwa, akamletea dawa, na dawa zikabaki juu ya dirisha. Kisha jirani mmoja, katika mazungumzo ya kawaida tu, akamuuliza kama ni kweli mama yao anaondoka, maana alimsikia pale ufukweni akiuliza boti ya Mpala inapakia siku gani.

Falone alirudi nyumbani kabla ya saa ya kazi kwisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta Mama Adolphine ameketi juu ya mkeka uani, akipepeta ndakala kwenye ungo. Akavua viatu, akaketi mbele yake.

"Unaenda Mpala, Mama?"

Ungo uliendelea kidogo, ukasimama.

"Germain aliniambia mambo ya ule uji," Mama Adolphine alisema. Hakuinua macho. "Juu ya nini uliukula? Uliona nimekwisha kukuharibia kila kitu, na ukakaa pale unakula."

Falone alifikiri, kwa sababu hakuwa amejiuliza ni kwa nini.

"Juu uji ulikuwa wa moto," alisema. "Na wewe ulikuwa umelowana na mvua."

Mama Adolphine aliweka ungo chini. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wanawe walimwambia ukweli siku ile ufukweni: mzee anayebaki kwa mtu asiye wa damu yake huwa mzigo. Yeye alikataa kusikia. Kumbe mzigo wenyewe njo huu, kuingia mahali bila kujua na kubomoa kazi ya mwaka mzima. Afadhali aende, Falone afanye mtihani wake kwa amani, apate maisha, hata aolewe tena akipenda.

"Mama," Falone alisema, "mutihani unarudiliwa. Wewe ukipanda boti, nitakurudilia wapi?"

Walikaa hivyo, ndakala katikati yao. Falone akamwambia na yale mengine: kwamba aliogopa kumwambia habari ya mlango, asije akaona anafukuzwa. Kila siku tangu matanga alipoamka asubuhi, kwanza alisikiliza kama mama bado yumo chumba cha pili. Mama Adolphine alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole, akamtoa gamba la samaki lililokuwa limemnata shavuni, jinsi mtu anavyomfanyia mtoto mdogo, na mkono wake ukabaki pale.

Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ile ya vikaratasi.

"Sasa unifundishe," alisema. "Watu wale wanakataza nini na nini?"

Falone alimweleza yote. Mtu asiingie. Sauti ya mtu isisikike ndani. Kelele za nje zikizidi, msimamizi anaweza kudhani kuna mtu anamnong'oneza majibu. Mama Adolphine aliuliza maswali mengi, moja baada ya jingine, na alipomaliza alikuwa anayafahamu masharti yale kuliko Falone mwenyewe.

Wiki ya mtihani alizunguka mtaani. Hakwenda kuomba kwa haraka haraka. Aliingia kila nyumba, akakaa, akauliza habari za watoto, na alipokaribia kuondoka akasema lililomleta. Kazi kubwa ilikuwa kwa Papa Gaspard, mwenye kinu cha mashine nyumba ya tatu, kinachosaga mihogo na mahindi kuanzia asubuhi. Papa Gaspard alinung'unika kwamba wateja hawatamsubiri. Mama Adolphine alikubali kwamba ni kweli, hawatamsubiri, akabaki ameketi pale pale kwenye kiti chake. Baada ya muda Papa Gaspard alisema atafungua mchana. Wanakwaya waliofanya mazoezi jirani walihamia upande wa pili. Watoto wa mtaa waliahidiwa mandazi wakienda kucheza mbali. Kuku walifungiwa jikoni, wakabembelezwa kwa pumba.

Asubuhi ya mtihani Falone alikula viazi na chai mbele ya mama mkwe wake, hadi mwisho. Walisali pamoja. Kisha akaingia, na Mama Adolphine akaweka kiti chake nje ya mlango, akaketi.

Jambo la kwanza Falone alilolisikia, baada ya msimamizi kumkagua na maswali kuanza, lilikuwa kimya. Aliishi Kataki miaka mingi na hakuwahi kuusikia mtaa huo umenyamaza namna ile. Hakuna kinu, hakuna redio, hakuna mtoto anayeitwa. Alijua kimya hicho kilitoka wapi, nyumba kwa nyumba, na kwa dakika chache machozi yalimzuia kuona maandishi. Alijifuta, akaanza.

Maswali yalikuwa magumu kuliko ya safari ya kwanza. Kulikuwa na ya kugawa anwani za mtandao, ambayo alipaswa kuyapiga hesabu kichwani, hayo hayakumshinda. Kulikuwa na ya Kiingereza kirefu, sentensi juu ya sentensi, na swali lenyewe limefichwa mwishoni. Alisoma polepole. Neno likimkataa alilisoma kama linavyoandikwa, silabi kwa silabi, na mara nyingi likafunguka. Kisha likaja lile la kurekebisha mashine iliyoharibika: mitandao miwili, kila kitu kinaonekana kizima, taa zinawaka, na habari haipiti. Falone alikaa wima. Alikuwa ameliona hilo kwa macho yake, Katanika. Alianza kukagua njia moja moja, na hapo ndipo aliposikia nyimbo.

Zilikuwa mbali, zikija. Ngoma, sauti nyingi za wanawake, na mtu mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Msafara wa mazishi ulikuwa unapanda barabara ya mtaa wao. Kwenye kompyuta msimamizi aliandika kwamba anasikia sauti za watu, akamwamuru azungushe kamera aonyeshe chumba kizima. Falone alizungusha. Kuta, kitanda, mlango uliofungwa. Nyimbo ziliendelea kukaribia. Msimamizi akaandika tena kwamba kelele zikizidi atalazimika kusimamisha.

Nje, Mama Adolphine alikuwa ameshasimama. Watu wote wa mtaa alikuwa amewaendea, lakini wafu hawatoi taarifa. Alitoka hadi barabarani, akauona msafara: jeneza limebebwa na vijana, mbele yake mwanaume wa makamo aliyevaa koti jeusi lisilomtosha, ambaye hakuimba. Mama Adolphine aliutambua uso huo. Hakuwahi kumuona mtu yule, ila huo uso yeye mwenyewe aliwahi kuuvaa. Akajiuliza kama ana haki ya kufanya anachotaka kufanya. Kisha akamwendea.

Alimsalimu, akampa pole. Akamuuliza wanamzika nani. Yule baba akasema mwanawe wa kiume. Mama Adolphine akasema wa kwake pia, mwaka wa tatu huu. Walitazamana.

"Papa, unisamehe," alisema. "Mukwe wangu, muke wa yule mutoto wangu, yuko ndani ya nyumba ile na mutihani. Watu wa mbali wanamusikiliza. Wakisikia sauti, wanamukatia."

Yule baba aliitazama nyumba. Waombolezaji nyuma yake walikuwa bado wanaimba, na baadhi waliokuwa karibu walianza kuguna kwa kukasirika, kwamba huyu mama ni nani anayesimamisha maiti njiani. Mama Adolphine hakujitetea. Alisimama, ameinamisha kichwa, tayari kwa lolote.

Baba akainua mkono. Mwimbishaji alimwona, akanyamaza, ngoma ikanyamaza, kisha wimbo ukafa nyuma kidogo kidogo hadi kwa wale wa mwisho, ambao hawakujua sababu. Walipita mbele ya nyumba ya Falone kimya kimya, watu wengi sana, na kilichosikika ni nyayo zao tu mchangani. Mama Adolphine alijua hawezi kubaki kwenye kiti chake. Alijitanda kanga, akaingia katika msafara, akatembea nao.

Ndani, Falone alisikia wimbo ukikoma na nyayo zikipita. Hakuelewa. Alingoja neno la msimamizi, na neno halikuja. Akarudi kwenye ile mitandao miwili, akaliona kosa: njia ya kwenda ilikuwepo, ya kurudi hakuna aliyeiandika. Akaiandika. Habari ikapita.

Alipomaliza swali la mwisho, kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu. Kisha jina lake likatokea, na chini yake neno la kufaulu. Alilisoma mara kadhaa. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaufungua ili amwambie wa kwanza yule aliyestahili kuambiwa.

Kiti kilikuwa kitupu.

Aliita, hakuna jibu. Kwa sekunde chache hofu ile ya asubuhi zote ilimrudia, akakimbilia barabarani bila viatu. Papa Gaspard, aliyekuwa amekaa mbele ya kinu chake kilichofungwa, alimwonyesha kwa kidevu upande wa juu. Falone alipanda mbio, na kabla ya kufika kona akamkuta Mama Adolphine anateremka, vumbi hadi magotini, amechoka, anashikilia ukuta wa nyumba za watu.

Falone alimwitikia kwa kichwa. Mama Adolphine alimkazia macho kuhakikisha, kisha akamvuta, akamkumbatia pale katikati ya njia, na watu waliokuwa wanapita wakawazunguka, huku na huku, kama maji yanavyolizunguka jiwe. Walipoachana, Mama Adolphine akamwambia kisa cha wale waombolezaji. Alisema jina la familia aliliuliza, na nyumba ya matanga anaijua.

Falone alimpigia simu Papa Germain. Papa Germain akasema kwamba kuanzia sasa hawatangoja ndege tena, mashine za Kalemie na za barabara yote ya kwenda Moba zitakuwa mikononi mwa Falone. Alimwomba amsalimie mama.

Jioni walioga, wakavaa, Mama Adolphine akafunga ndakala nzuri kabisa katika kitambaa, wakaenda matangani. Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka uani. Walitoa walichokuja nacho kwa wanawake wa jikoni, wakampa pole mama wa marehemu, ambaye aliishika mikono yao bila kuwaona. Falone alitafuta maneno ya kumshukuru yule baba, akaona kwamba hapa si mahali pa maneno hayo. Alikaa karibu na mama mkwe wake na kuimba walipoimba.

Baadaye yule baba mwenyewe aliwasogelea. Alichuchumaa mbele ya Mama Adolphine, lakini alikuwa anamwangalia Falone.

"Njo huyu wa mutihani?"

"Njo huyu," Mama Adolphine alisema.

"Alifaulu?"

Falone akasema ndiyo, amefaulu.

Yule baba aliinamisha kichwa. Alisema ni vizuri. Akasema tena, vizuri sana. Halafu akasogeza viatu vya watu pembeni, akaketi nao kwenye mkeka, na baada ya muda akaanza kuwaeleza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani.